Mpima Mashua na Mawe Hamsini na Sita

Baba yangu alikuwa na swali moja la kumjaribia mtu, na hakumwacha mtu. Alimwuliza fundi mpya siku ya kwanza kazini, alimwuliza mpita njia aliyeomba kuelekezwa, na alimwuliza kijana aliyekuja kuniposa kabla hata chai haijamiminwa. Swali lenyewe hili hapa. Mashua inaelea ndani ya tangi. Ndani ya mashua kuna jiwe kubwa. Ukilichukua lile jiwe ukalitupa majini, likazama mpaka chini, je, maji ya tangini yatapanda, yatashuka, au yatabaki palepale?

Karibu kila mtu alisema yatapanda. Wachache waliojiona wajanja walisema yatabaki palepale, maana jiwe lilikuwa humo humo tangu mwanzo. Baba aliwaacha waseme, akajikuna kidevu, kisha akasema, "Yanashuka," na kuendelea na chai yake. Ukibisha, hakubishana nawe. Alikuambia uende karakana ukaangalie mwenyewe, tangi lipo, mawe yapo, mlango unafunguliwa saa moja asubuhi. Yule kijana wa posa alijibu, "Inategemea, mzee," na baba akaninong'oneza jikoni kwamba huyu atafaa, angalau hana haraka. Alifaa kwa miaka sita kisha akaenda zake, lakini hayo hayamo katika habari hii.

Mimi nilisema yanapanda. Nilisema nikiwa na miaka saba, nikasema nikiwa na kumi na saba, na nilipohitimu ualimu nikasema tena, safari hii kwa maneno marefu zaidi. Kila mara baba alinitazama, akacheka, akasema, "Nenda kaangalie." Sikwenda. Karakana ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, lakini ilinuka lami, maranda yaliingia kwenye nywele, na mafundi walikuwa na mdomo. Nilipita nje nimebana pua. Nayataja haya mapema ili mtu asije akadhani najitetea.

Kazi ya baba ilikuwa kupima mashua. Karakana ile ilitengeneza mashua za mbao za kuvusha watu mtoni, nyingine za kubebea mchanga, na mara mojamoja ya tajiri fulani wa kujifurahisha. Mashua ikishazibwa mianya na kupakwa lami, iliingizwa katika tangi la zege lililokuwa nyuma ya jengo, urefu mita nane, upana mita tano, na hapo ndipo ilipotoka mikononi mwa maseremala ikaingia mikononi mwa baba. Ukutani mwa tangi alikuwa amepachika rula ndefu ya bati. Sentimita zilikuja zimechorwa kutoka dukani. Milimita alizichora yeye mwenyewe kwa msumari, moja moja, kwa muda wa wiki mbili. Ndiyo maana karakana nzima ilimwita Milimita, na jina likaruka ukuta likaja mtaani, hata watoto wa majirani wakamwita Babu Milimita naye akaitika.

Alikuwa na mawe yake ya kupimia. Mawe hamsini na sita, kila moja kilo ishirini na tano, yamepigwa patasi mpaka mzani ukakubali, na kila moja na namba yake kwa rangi nyeupe. Yote pamoja ni uzito wa watu wazima ishirini. Mashua ikiwa tupu tangini, alisoma rula na kuandika kwenye daftari. Mawe yakishapakiwa, alisoma tena, akaangalia na ukingo wa mashua umebaki juu ya maji kwa kiasi gani. Kisha vibarua walisimama kwenye ubao uliolazwa juu ya tangi, wakayachukua mawe kutoka mashuani na kuyatupa majini, maana kuyatupa ni rahisi kuliko kuyabeba, na Jumamosi tangi likisafishwa wangeyaokota tu chini. Hapo baba alisoma rula mara ya tatu.

Hiyo mara ya tatu hakuna aliyemwagiza. Ulikuwa mtindo wake mwenyewe. Alisema macho yake yanaweza kudanganywa, mtu akampakilia mawe hafifu na yeye asijue, lakini jiwe zito kweli likitoka ndani ya mashua likalala chini, lazima maji yashuke, na yashuke kwa kiasi anachokijua. Yakishuka pungufu, kuna mtu amefanya mchezo. Ndivyo alivyomnasa fundi mmoja aliyevunja jiwe namba thelathini, akaweka badala yake donge la saruji lenye matundu ndani na kulipaka rangi vizuri. Vibarua walimchukia kwa hiyo mara ya tatu, kwa sababu alitaka maji yatulie kabisa kabla ya kusoma. "Mzee, tushuke twende kula," walimwambia. "Subirini," alisema, "maji bado yanacheka." Na wote wakasimama pale na njaa zao kumngojea mzee mmoja aliyeinama na miwani puani.

Tulikaa kwenye nyumba ya ua wa pamoja, milango sita inatazamana. Mama alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, baba na mimi, na baada ya yule wa posa kuondoka tukawa wawili tena. Mlango wa mbele yetu alikaa fundi viatu na mkewe na watoto wao wawili. Fundi viatu ndiye mtu pekee ninayemkumbuka aliyelijibu swali la baba sawasawa siku ya kwanza. "Yanashuka," alisema, huku anatoboa soli.

Baba karibu aangushe kikombe. "Umejuaje?"

"Sijui chochote, mzee. Ungekuwa unataka kusikia yanapanda usingeniuliza."

Wakawa marafiki tangu hapo. Jioni walicheza drafti juu ya kopo lililopinduliwa, wakiibiana kete waziwazi na kutukanana kwa adabu. Mke wake alikuwa wa umri wangu, mwepesi wa kucheka, na asubuhi akiwa anafagia ua alikuwa wa kwanza kumwamkia baba. "Shikamoo, mzee Milimita." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Na mimi nikitoka na chaki zangu mkobani nilikuwa wa pili, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kisha mashua moja ikazama, yenye kibati cha baba mbele, kile cha kuonyesha mwisho wa watu inaowabeba, kimepigiliwa misumari minne: WATU 20. Ilizama katikati ya mto saa nne asubuhi, siku isiyo na upepo, ikitoka ng'ambo. Walikufa watu tisa. Fundi viatu alikuwa amevuka alfajiri kununua ngozi, na alikutwa nayo, robota zima, ameikumbatia.

Mwenye mashua alisema abiria walikuwa ishirini, hakuna hata mmoja zaidi. Waliookoka walisema mengine. Mmoja alisema thelathini, mwingine akasema alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili haukuwa na pa kukanyaga. Lakini hakuna aliyekuwa amehesabu, tiketi hazikuwepo, na nahodha alikuwa miongoni mwa wale tisa. Kilichobaki ni kibati. Kama watu walikuwa ishirini na mashua imezama, basi ishirini ni uongo, na aliyeandika ishirini ni baba.

Tulimzika fundi viatu. Baba alibeba jeneza, na mjane alimshika mkono akalia begani kwake, akamwita baba. Nataka hilo lijulikane. Mpaka hapo yule mwanamke hakuwa na neno naye.

Baada ya mwezi kamati ya uchunguzi ikaita watu. Kikao kilikuwa chumba cha juu cha ofisi moja yenye ngazi za chuma, viti vya plastiki, feni inayolalamika darini. Baba alivaa koti alilofungia ndoa. Chini ya kwapa alishika daftari lake, na njiani alilifungua mara tatu akalifunga, kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani. Mjane alikaa safu ya mbele na ndugu za marehemu wengine. Mimi nilikaa nyuma ya baba. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, na nilikuwa na hofu, na nakiri pia nilikuwa na aibu kidogo. Sijui aibu ya nini. Ya lile koti, labda.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mpole mwenye sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. Alilisoma daftari taratibu, mstari kwa mstari, kisha akavua miwani.

"Mzee, nisaidie. Mashua tupu, umeandika sentimita mia moja na kumi. Mashua na mawe, mia moja na kumi na tatu na nusu. Sawa. Halafu umeandika, mawe yametupwa majini, mia moja na kumi na moja na milimita tatu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Yaani mmetia majini tani moja na zaidi ya mawe, na maji yakashuka?"

"Yakashuka, mheshimiwa. Sentimita mbili na milimita mbili."

Watu wakacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani tu, lakini chumba kizima. Mwenye mashua alicheka hadi akajifuta macho. Mwenyekiti akasema, kwa upole uleule, kwamba mtu anayepika takwimu aghalabu husahau kuonja. Baba alisimama. Alisema wamletee beseni, sufuria ndogo na jiwe, atawaonyesha hapohapo. Mwenyekiti akajibu kwamba watu tisa wamekufa na hawakuja pale kuchezea mabeseni.

Baba akageuka nyuma, akanitafuta kwa macho. "Binti yangu huyu ni mwalimu wa sayansi," alisema. "Mimi darasa la saba tu. Mwulizeni yeye."

Nikasimama. 

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, "ukitumbukiza jiwe majini, maji yanapanda au yanashuka?"

Nilifundisha somo hilo kila mwaka. Glasi, maji, kokoto. Watoto wanatia kokoto moja moja, maji yanapanda, tunachora mstari, tunaandika ubaoni. Nilikuwa na jibu mdomoni kabla hajamaliza. Ningeweza kuuliza jambo moja dogo: hilo jiwe linatoka wapi? Maana jiwe la mwenyekiti lilitoka mkononi mwake, na jiwe la baba lilitoka ndani ya mashua iliyokuwa tayari imelibeba, na tofauti yote, najua sasa, ilikuwa hapo. Sikuuliza. Nilijibu swali nililoulizwa, kama mwanafunzi hodari.

"Yanapanda," nikasema.

"Lilikuwa ndani ya mashua, mama," baba akasema, akiniambia mimi, si wao, kwa sauti ambayo huenda hata mwenyekiti hakuisikia. Alikuwa tayari anaandika. Mjane aligeuka kwenye kiti chake akamtazama baba, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama mbele tena.

Ripoti ilisema vipimo vya mashua ile haviaminiki. Baba hakufungwa, alikuwa mzee mno na kosa lenyewe halikuwa na jina. Karakana ilimwambia apumzike. Tangi likamwagwa maji, likajazwa mbao, na mawe yake, nimesikia, yalitumika kujengea ngazi za choo. Mwenye mashua alinunua nyingine kwingine.

Njiani kurudi kutoka kwenye kamati siku ile sikumwomba msamaha, kwa sababu sikuona kosa. Nilimwonea huruma. Nilidhani ni uzee, kwamba aliliamini swali lake la utani kwa miaka mingi mpaka likamponza, na nilijiambia binti mwema hambishii baba yake tena. Wiki ile ile nilirudi kutoka shule nikamkuta ameinama uani mbele ya beseni, sufuria yangu ndogo ikielea juu yake na jiwe la kusagia vitunguu ndani. Akasema, "Mama, njoo uone kidogo." Majirani walikuwa nje. Nikamwambia, "Baba, acha hayo bwana, watu wanaangalia." Akaitoa sufuria, akaikung'uta, akanipa. Yale maji akayamwaga chini ya kamba ya nguo, akaingia ndani.

Hakujaribu tena. Alianza kusuka viti, vile vya fremu ya chuma na kamba za plastiki, akiketi mlangoni na miguu imenyooshwa. Na kila asubuhi mjane alifagia ua. Alifagia mpaka karibu na miguu ya baba, akafika pale akainua ufagio, akaruka nafasi ya kiti chake, akaendelea upande wa pili. Hakumwamkia. Baba alikohoa kidogo kila mara alipopita, kama mtu anayetaka kukumbukwa. Miezi minane. Watoto wa mjane walikuwa bado wanasema "Babu Milimita," mpaka siku moja nao wakaacha, na baba alianza kutoka na kiti chake baada ya ua kwisha kufagiliwa.

Basi mwezi wa nane huo nilikuwa na darasa la tano, somo la kuelea na kuzama. Nilichoka na glasi na kokoto. Mezani palikuwa na chombo kikubwa cha plastiki cheupe, cha kuonyesha, na mwanafunzi mmoja alikuwa na kisanduku chake cha chakula kilichokwisha kuliwa. Nikakiweka majini kikaelea, nikachukua jiwe la kuzuia mlango nikaliweka ndani yake. Kikazama nusu, kikasimama. Nikachora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofika. Wala sikuwa namfikiria baba, naapa. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kuumaliza muda wa kipindi.

"Nikilitoa jiwe kwenye kisanduku nikalitia majini?"

"Yatapandaaa!" darasa zima, watoto arobaini na watatu.

Nikalitia. Likazama, kisanduku kikaruka juu kama kimepumua, maji yakatikisika, yakatulia. Mstari wangu ulikuwa juu yake. Maji yalikuwa chini ya mstari, upana wa kidole kidogo.

Nikafikiri chombo kinavuja. Nikapapasa meza, kavu. Nikalitoa jiwe, nikalirudisha kisandukuni, maji yakapanda mpaka mstarini palepale. Nikalitia majini tena. Yakashuka. Msichana wa dawati la mbele akasema polepole, kama ananifundisha, "Mwalimu, yameshuka." Nikasimama pale nikajieleza mwenyewe, kwa sauti, mbele yao. Jiwe likiwa ndani ya kisanduku, kisanduku lazima kizame mpaka kisukume maji yenye uzito sawa na wa jiwe, na hayo ni maji mengi, maana maji ni mepesi kuliko jiwe. Jiwe likilala chini, halibebwi tena na maji, linasukuma maji ya ukubwa wa mwili wake tu, na hayo ni machache. Nusu ya maji yaliyokuwa yamesukumwa yanarudi chini. Zaidi ya nusu. Sentimita mbili na milimita mbili.

Nilimwomba mwalimu wa darasa la pili aniangalizie watoto, nikatoka. Nilitembea haraka, kisha nikakimbia, na viatu vya ualimu si vya kukimbilia.

Baba alikuwa mlangoni, kiti kati ya magoti, kamba mdomoni.

"Baba, shikamoo. Baba, yameshuka."

Akaitoa kamba mdomoni. Hakuuliza nini. "Kiasi gani?"

"Upana wa kidole kidogo."

"Kidole cha nani? Umepima au umeona?"

"Nimeona."

"Basi hukupima," akasema, akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu kabla ya msiba. Kisha kikakatika katikati. Nikapiga magoti mbele yake nikasema nisamehe, baba, nilisema bila kuangalia, miaka yote nimesema bila kuangalia. Akaniambia niamke, sketi itachafuka. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea mlango wa mbele yetu.

"Nenda kamweleze yule."

Mjane alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote, kisanduku, jiwe, mstari, daftari. Nilimweleza kwamba vipimo vya baba vilikuwa sahihi, kwamba ile mashua ilifaa watu ishirini, na kama imezama basi walipakiwa zaidi. Alinisikiliza bila kuinua macho, akitoa kijiwe kimoja kimoja kutoka kwenye ungo.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "mimi sikujua maji yanapanda au yanashuka. Sikujua siku ile na sijui leo. Mume wangu alimwamini mzee na mimi nilimwamini. Halafu wewe ukasimama. Nikasema, ikiwa mtoto wake wa kumzaa, tena msomi, anamkatalia mbele za watu, mimi nani nimwamini?"

"Nilikosea, dada."

"Umekosea. Sawa. Na mimi nimelala miezi minane nikijua ni nani aliyeniulia mume wangu. Leo umekuja na kisanduku cha chakula unaniambia siye. Niache kwanza. Siwezi kugeuka hivyo."

Nikavuka ua kurudi. Ni hatua kumi na mbili. Baba alikuwa amesimama, kiti amekiweka kando.

"Amesemaje?"

Sikuweza. Uso wake ulikuwa wazi mno. Nikasema, "Amekusalimu, baba. Amesema shikamoo."

Akaingia ndani. Nilisikia maji ya ndoo, ananawa. Akatoka amevaa shati jeupe, amefunga vifungo vyote hadi kooni, akavuka ua mwenyewe, mgongo umenyooka, wala sikuthubutu kumshika mkono. Mlango wa mjane ulikuwa wazi, pazia limesogezwa nusu. Akasimama kizingitini.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Mjane akainua kichwa kutoka kwenye ungo. Akamtazama, kisha akanitazama mimi kupitia bega lake, na nikaona ameelewa nilichofanya. Alifungua mdomo. Nilimwomba kwa macho. Lakini neno lilikataa kumtoka, na hakuwa mtu wa kusema asichokuwa nacho. Akainuka, akalivuta pazia, taratibu, bila hasira, kama mtu anayefunika chakula.

 Baba akarudi hatua zile kumi na mbili, akaketi, akafungua kifungo cha kooni.

"Hakunisalimu yule."

Nikamsogezea kile kiti alichokuwa anasuka.

"Ile siku ya kamati hukujua," akasema. "Leo ulijua."

"Nisamehe, baba."

"Ile ya kwanza nilikusamehe siku ileile, tukiwa kwenye ngazi za chuma. Hii ya leo ngoja kwanza."

Aliishi miezi miwili zaidi. Tulikula pamoja, alinitania, nilimkata kucha, na siku ya mwisho alinishika kidole gumba hadi alipolala. Sikumwuliza tena kama ile ya pili amenisamehe, na yeye hakusema.